Sabufa, amplifaya na boksi: jinsi ya kuvioanisha kabla hujatoa pesa

Makosa mengi ya muziki wa gari huanzia dukani. Mtu ananunua amplifaya kwa sababu imeandikwa wati 3000, ananunua sabufa kwa sababu koni yake inang'aa, halafu anachukua boksi lililo tayari kwa sababu linaingia kwenye buti. Vitu vitatu visivyofahamiana vinafika kwa fundi, na fundi anaambiwa avifanye viimbe. Vitaimba, lakini kwa miezi michache tu.

Anzia upande wa pili. Pima kwanza nafasi unayokubali kuipoteza garini, kwa lita. Nafasi hiyo inaamua aina ya boksi, na boksi linaamua sabufa. Sabufa inakuja na koili zake (misokoto ya waya inayosukuma koni), yaani na omu zake (kipimo cha ukinzani wake dhidi ya umeme). Omu ndizo zinazochagua amplifaya, na amplifaya inadai waya, fyuzi na umeme wa kuilisha. Ukianza na amplifaya, kila kitu kinachofuata kitalazimika kuifuata hiyo, na mara nyingi hakuna sabufa inayoifaa na wakati huohuo inaingia kwenye nafasi uliyonayo.

Wati zipi?

Kwenye kasha utakuta namba mbili. Kubwa ni ya kilele, ipuuze. Ndogo, ya RMS, ndiyo inayoonyesha mzigo ambao kifaa kinaweza kuubeba mfululizo. Amplifaya inayofuata CEA-2006, kiwango cha kupima nguvu za amplifaya za magari, inataja wati zake za RMS zilizopimwa kwa volti 14.4, kwenye omu 4, na uchafu wa sauti usiozidi asilimia 1. Namba kama hiyo unaweza kuiamini.

Kama hakuna kiwango chochote kilichotajwa, angalia fyuzi za amplifaya yenyewe. Tuseme ina mbili za ampea 40. Hizo ni ampea 80; zidisha kwa volti 13.8, unapata wati 1104 zinazoweza kuingia. Amplifaya ya daraja D hugeuza takriban asilimia 80 ya umeme huo kuwa nguvu ya kusukuma spika, kwa hiyo tarajia kama wati 880. Ya daraja AB hugeuza nusu au zaidi kidogo, zinazobaki zinakuwa joto kwenye bati lake, kwa hiyo usitarajie zaidi ya 650. Hesabu hii si ya maabara, na amplifaya kubwa sana nyingine hazina fyuzi mwilini kabisa, lakini inatosha kufichua zile wati 3000 zilizowekewa fyuzi mbili za 30.

Omu: hapa ndipo vifaa vinapoungua

Namba ya omu iliyoandikwa kwenye sabufa ni ya jina tu. Impedansi ni ukinzani wa spika dhidi ya umeme unaobadilika mwelekeo, na hubadilika kadiri masafa yanavyobadilika. Karibu na masafa asilia ya sabufa hupanda sana, pengine hadi omu 20 au 30, kisha hushuka tena. Multimita haipimi hayo yote. Inapima ukinzani wa waya wa koili pekee. Koili ya omu 4 husoma kati ya 3.2 na 3.8, na ya omu 2 husoma kama 1.6 hadi 1.9. Kabla ya kupima, gusanisha ncha mbili za multimita; ikionyesha 0.3, toa 0.3 kwenye kila kipimo. Anayeruka hatua hii hudhani koili ya 2 ni ya 2.2, kisha anaanza kutilia shaka sabufa nzima.

Kwa nini omu chache huua amplifaya? Amplifaya ina kikomo cha volti inayoweza kutoa. Chukua inayotoa wati 500 kwenye omu 2. Volti yake ni kipeuo cha pili cha 500 × 2, yaani 31.6, na ampea zinazopita ni 15.8. Volti ileile ukiipeleka kwenye omu 1, ampea zinakuwa 31.6 na wati zinatakiwa kuwa 1000. Amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya hilo itabeba. Isiyotengenezwa itajifungia kwa ulinzi ukiwa na bahati, au transista zake zitapasuka.

Koili mbili ndani ya sabufa moja ndizo zinazowachanganya wageni. Ukiziunganisha mfululizo, yaani hasi ya koili ya kwanza kwenda chanya ya pili, kisha ncha mbili zilizobaki kwenda kwenye amplifaya, omu zinajumlishwa. Ukiziunganisha sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, omu za koili mbili zinazofanana hugawanywa kwa 2. Basi sabufa ya koili mbili za omu 4 inakupa 8 au 2. Ya koili mbili za omu 2 inakupa 4 au 1.

Tazama kisichokuwemo humo. Sabufa moja ya koili mbili za omu 2 haiwezi kukupa omu 2 kwa njia yoyote. Mwenye amplifaya yenye kikomo cha omu 2 akinunua sabufa hiyo, ana njia mbili, na zote mbaya: omu 1, ambayo amplifaya haiwezi, au omu 4, ambapo atapata karibu nusu tu ya wati alizolipia. Alipaswa kuchukua ya koili mbili za omu 4. Hili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote, na linazuilika kwa kusoma mstari mmoja kwenye kasha.

Sabufa mbili zikiwa za koili mbili za omu 4, ukiweka koili zote nne sambamba unapata omu 1. Ukiunganisha koili za kila sabufa mfululizo ili ziwe 8, kisha sabufa mbili sambamba, unapata 4. Sabufa mbili za koili mbili za omu 2 zinakupa 0.5 zote zikiwa sambamba, au 2 ukichanganya mfululizo na sambamba, au 8 zote zikiwa mfululizo. Kwa hiyo mwenye monobloku (amplifaya ya chaneli moja) ya omu 1 anayetaka sabufa moja achukue ya 2 na 2. Anayetaka sabufa mbili achukue za 4 na 4. Chora mchoro kwenye karatasi kabla ya kukata waya, andika omu ya kila hatua, na ukimaliza kuunganisha pima kwenye ncha zitakazoingia kwenye amplifaya. Ukitarajia 2 na multimita inasoma 0.9, usiwashe.

Ukitumia amplifaya ya chaneli mbili na kuibriji, yaani kuunganisha chaneli zote mbili zisukume sabufa moja, kila chaneli inaona nusu ya mzigo. Amplifaya inayostahimili omu 2 kwa chaneli inastahimili omu 4 ikibrijiwa. Sabufa ya omu 2 iliyobrijiwa hapo ni sawa na kuiambia kila chaneli ibebe omu 1.

Usichanganye sabufa za omu tofauti kwenye amplifaya moja. Ya omu 4 na ya omu 2 zikiwa sambamba zinafanya omu 1.33, na ile ya omu 2 inachukua theluthi mbili za nguvu: katika wati 600 itakula 400, mwenzake 200. Hata zikiwa na omu sawa lakini za aina tofauti, moja itafika kikomo cha mwendo wake mapema na nyingine itakuwa bado. Vilevile usiache koili moja ya sabufa ya koili mbili ikiwa haina waya ili tu upate omu unazotaka. Uwezo wa kubeba joto unapungua nusu, na tabia ya sabufa ndani ya boksi inabadilika, kwa hiyo hesabu yote ya boksi inaharibika.

Utasikia watu wakisema kwamba boksi hupandisha omu, kwa hiyo unaweza kushuka hadi 0.5 kwenye amplifaya ya 1 bila shida. Ni kweli kwamba sabufa ikiwa ndani ya boksi na ikipiga muziki, impedansi hupanda juu ya ile ya jina katika baadhi ya masafa. Lakini kuna masafa ambayo inashuka karibu kabisa na kipimo cha multimita, na wimbo hauchagui masafa kwa kuihurumia amplifaya yako. Mashindano ya kelele yana sheria zake. Gari la kila siku halihitaji kamari hiyo.

Kama una hiari kati ya omu 1 na omu 2 kwa wati zilezile, chukua 2. Amplifaya itapoa zaidi na itakula umeme vizuri zaidi. Sikio halitajua tofauti.

Wati kidogo haziui sabufa

Kuna imani kwamba amplifaya dogo huunguza sabufa kubwa. Wati 200 safi kwenye sabufa ya wati 600 haziwezi kuidhuru. Itapiga taratibu tu. Kinachoiua ni mtu kutoridhika na utaratibu huo, akapandisha gaini (kirekebishi cha amplifaya cha ishara inayotoka kwenye redio) hadi mawimbi yanakatwa vichwa. Wimbi laini likikatwa hadi likawa na pembe za mraba, kwa kilele kilekile, linabeba nguvu maradufu. Amplifaya ya wati 300 iliyokatwa kabisa inaweza kukaribia kupeleka wati 600, na sehemu kubwa inaishia kuwa joto kwenye koili.

Joto nalo lina ujanja wake. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili iliyopanda nyuzi 180 juu ya joto la kawaida imeongeza ukinzani wake kwa asilimia 70: iliyosoma 3.4 sasa ni 5.8. Inavuta nguvu pungufu na sauti inapungua. Dereva anasikia besi imelegea baada ya nusu saa, anapandisha sauti, na hapo ndipo gundi ya koili inapoanza kunuka. Besi ikilegea yenyewe, shusha sauti.

Kwa kuoanisha, lenga amplifaya ambayo RMS yake kwenye omu zako iko kati ya asilimia 80 na 120 ya RMS ya sabufa. Mimi ningeegemea juu kidogo, kwa sababu amplifaya yenye akiba haifiki kwenye kukata mawimbi. Na ujue mipaka ya pesa: kuongeza wati maradufu kunaongeza desibeli 3 tu, ambazo sikio huzisikia bila kushangaa. Kuongeza sabufa ya pili inayofanana na ya kwanza, kwa jumla ileile ya wati, kunaongeza takriban desibeli 3 pia. Ukifanya yote mawili unapata 6.

Boksi

Boksi ndilo linaloamua kama pesa zako zitasikika. Sabufa ya kawaida kwenye boksi sahihi itaishinda ya kifahari iliyotupwa kwenye boksi la kubahatisha, na sioni haja ya kulibishania hili.

Karatasi ya sabufa ina herufi chache unazopaswa kuzijua. Fs ni masafa yake asilia. Vas ni kiasi cha hewa chenye ulaini sawa na mning'inio wa koni, kwa lita. Qts na Qes zinaonyesha jinsi sabufa inavyojizuia isiendelee kutikisika. Gawanya Fs kwa Qes. Jibu likiwa chini ya 50, sabufa inapenda boksi lililozibwa. Likikaribia 100 au kupita, inapenda boksi la bomba, yaani lenye bomba au mlango wa kupitisha hewa. Katikati, chagua utakavyo. Karatasi isiyo na namba hizi inakuambia kitu kuhusu sabufa yenyewe.

Boksi lililozibwa ni rahisi na linasamehe. Unachagua Q ya mwisho unayoitaka, yaani ya sabufa ikiwa ndani ya boksi; 0.707 hutoa sauti iliyonyooka. Igawanye kwa Qts, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, kisha gawanya Vas kwa kilichobaki. Sabufa yenye Vas lita 60, Qts 0.45 na Fs 30: 0.707 ÷ 0.45 ni 1.57, mara yenyewe ni 2.47, toa 1 inabaki 1.47, 60 ÷ 1.47 ni lita 41 hivi. Masafa ya boksi yatakuwa 30 × 1.57, yaani Hz 47. Ukibanwa na nafasi ukataka Q ya 0.9, hesabu ileile inakupa lita 20 na Hz 60. Nusu ya boksi, besi nzito zaidi katikati, na kina kidogo. Si dhambi, ila ujue unachouza na unachonunua. Tena chumba cha ndani cha gari huinua masafa ya chini kabisa, kwa hiyo boksi lililozibwa linaloonekana dhaifu kwenye karatasi husikika vizuri milango ikifungwa.

Boksi la bomba lina kelele zaidi kwa wati zilezile kwenye eneo la masafa lililopangiwa, lakini halisamehe. Urefu wa bomba la duara lililopachikwa kwenye ubao upande mmoja na kuachwa wazi upande wa pili hupatikana hivi, kwa sentimita na lita:

urefu = (23562.5 × kipenyo × kipenyo × idadi ya mabomba) ÷ (masafa × masafa × lita) − 0.73 × kipenyo

Boksi la lita 50 halisi, masafa Hz 34, bomba moja la sm 10: 2356250 ÷ 57800 ni 40.8, toa 7.3, urefu ni sm 33.5. Linaingia vizuri, na mgeni hufurahi. Tatizo ni upana. Bomba la sm 10 lina eneo la sm 78 za mraba, na sabufa ya inchi 12 yenye nguvu inahitaji, kwa kanuni ya mafundi, sm 75 hadi 100 za mraba kwa kila lita 28 za boksi. Kwa lita 50 hiyo ni sm 135 hadi 180 za mraba. Bomba jembamba hupuliza: besi inapokuwa kubwa unasikia upepo ukifoka, na kadiri unavyopandisha sauti ndivyo boksi linavyoacha kufanya kazi kama la bomba. Haya, weka bomba la sm 15. Hesabu inasema sm 81, ambalo halitoshi kunyooka ndani ya boksi. Ndiyo maana maboksi mengi mazuri yana mlango wa hewa wa mstatili uliojengwa kwa mbao, unaopita ubavuni na kukunja kona nyuma. Mlango wa sm 5 kwa 34.4, wenye urefu wa kama sm 80 ukipima katikati ya njia yake, unafikia karibu na Hz 34 hizohizo.

Lakini hewa iliyo ndani ya mlango huo, na ubao wake, si sehemu ya lita 50. Hapa ndipo vipimo vinapowaangusha wengi. Chukua boksi la nje sm 75 × 38 × 34. Kwa nje ni lita 97. Mbao za MDF za mm 18 zinakula sm 3.6 kwenye kila kipimo, kwa hiyo ndani ni 71.4 × 34.4 × 30.4, lita 74.7. Toa hewa ya mlango lita 14, ubao wake lita 5, mwili wa sabufa kama 2.5, mihimili 1.5. Zinabaki lita 51 na ushei. Aliyehesabu kwa vipimo vya nje anaamini ana karibu maradufu ya hewa aliyonayo. Maboksi yaliyo tayari nayo huuzwa mengi kwa lita za jumla. Ingiza mkono na futi kupitia tundu la sabufa upime mwenyewe.

Chini ya masafa yaliyopangwa, boksi la bomba haliishiki koni tena. Hewa inaingia na kutoka kama vile sabufa iko nje, koni inaruka mbali, na koili inagonga sahani ya nyuma. Kichujio kinachozuia masafa ya chini kabisa kwenye amplifaya ni lazima kwa boksi hili. Kwa boksi la Hz 34, kiweke kwenye 27 hadi 30. Amplifaya isiyo na kichujio hicho iachie boksi lililozibwa.

Kuhusu ujenzi: MDF ya mm 18, gundi ya mbao kwenye kila ungio, skrubu kila sm 15 baada ya kutoboa matundu madogo ili ubao usipasuke ukingoni. Gundi ndiyo inayoziba; skrubu zinashikilia tu mpaka gundi ikauke. Pitisha silikoni kwenye kona za ndani na uiache ikauke kabisa kabla ya kufunga sabufa, maana mvuke wa silikoni mbichi unaweza kudhuru gundi ya koni. Ubao wa mbele wa sabufa nzito ya inchi 12 au zaidi uwe wa tabaka mbili, na ukumbuke kutoa unene huo kwenye kina cha ndani. Upande wowote mpana unaotetemeka ukiupiga ngumi unahitaji mhimili. Sabufa mbili ni bora kila moja iwe na chumba chake, kwa sababu moja ikifa kwenye chumba cha pamoja, koni yake iliyolegea inageuka tundu na mwenzake anapoteza boksi.

Boksi lililozibwa lijaribu kwa kusukuma koni polepole kwa vidole vilivyotandazwa kisha kuachia. Ikirudi taratibu, limeziba. Ikirudi papo hapo, hewa inatoka mahali, na mara nyingi ni kwenye kituo cha waya.

Umeme

Ondoa hasi ya betri kwanza, halafu ndiyo uanze kuvuta waya.

Wati 900 za RMS kwa daraja D: 900 ÷ 0.8 ÷ 13.8 ni ampea 81 kwa kilele cha kazi. Waya wa shaba wa mm za mraba 21, wenye urefu wa mita 5, una ukinzani wa kama omu 0.004, kwa ampea 80 unapoteza volti 0.33. Waya wa alumini uliopakwa shaba, wa unene uleule, unapoteza kama 0.5. Ukwangue kwa kisu: ukionyesha weupe ndani, chukua unene mkubwa zaidi kwa hatua moja au mbili. Kwa ampea 50 kurudi chini, mm za mraba 8 zinatosha kwa umbali mfupi. Ukipita 150, nenda moja kwa moja kwenye 53.

Fyuzi kuu ikae ndani ya sm 45 kutoka kwenye betri. Kazi yake ni kulinda waya usiwake moto ukikwaruzwa na bati, kwa hiyo ukubwa wake hufuata waya, hata kama amplifaya ina fyuzi zake. Waya wa hasi uwe mnene sawa na wa chanya, mfupi chini ya sm 50, na ukazwe kwenye bati tupu lililokwanguliwa rangi. Boliti ya mkanda wa usalama au ya kiti usiiguse.

Kapasita huuzwa kama dawa ya taa zinazofifia. Faradi 1 ikishuka kutoka volti 14 hadi 13 hutoa jouli 13.5, yaani wati 1000 kwa sekunde 0.0135. Fanya hesabu ya pigo moja la besi uone inabaki nini. Alteneta ya ampea 80, ambayo gari lenyewe linakula 40 usiku ukiwa na taa na kiyoyozi, haina wati 900 za kukupa mfululizo. Hapo suluhisho ni alteneta kubwa, waya mnene kati yake na betri, au kupunguza matarajio.

Kuseti gaini

Gaini si kitufe cha sauti. Inalinganisha volti inayotoka kwenye redio na ile inayohitajika na amplifaya. Ondoa waya za sabufa. Zima bas busti, laza ekwalaiza, washa injini. Piga mlio safi wa Hz 50 uliorekodiwa kwa desibeli 0, redio ikiwa kwenye robo tatu ya sauti yake. Weka multimita kwenye volti za AC kwenye matokeo ya amplifaya na uzungushe gaini hadi ufike kipeuo cha pili cha wati × omu. Kwa wati 500: omu 1 ni volti 22.4, omu 2 ni 31.6, omu 4 ni 44.7. Kama wati za sabufa ni chache kuliko za amplifaya, tumia za sabufa.

Multimita haioni mawimbi yaliyokatwa, na umepima bila mzigo. Kwa hiyo ukisharudisha sabufa, pima volti kwenye ncha za umeme za amplifaya muziki ukiwa juu. Zikishuka chini ya 12.5, shusha gaini, maana amplifaya inayokosa umeme hukata mawimbi mapema.

Kichujio kinachozuia masafa ya juu yasifike kwenye sabufa kiweke Hz 80 kwa kuanzia, kwenye redio au kwenye amplifaya, si kote kuwili. Kisha kaa kwenye kiti cha dereva, geuza swichi ya fezi, na uache upande ambao besi imejaa zaidi.

Ikigoma

Taa ya ulinzi ikiwaka, ondoa waya za sabufa. Ikizimika, shida iko kwenye omu au waya uliogusa bati. Ikibaki, iko kwenye umeme au amplifaya yenyewe. Sabufa mbili zinazotoa besi dhaifu kuliko moja zimegeuziana ncha: gusisha betri ya volti 1.5 kwenye kila koili kwa sekunde moja, chanya kwa chanya, na koni zote zitoke nje. Koili mbili za sabufa moja nazo zijaribu hivyohivyo, moja baada ya nyingine. Amplifaya inayozimika kwenye besi kubwa tu na kurudi yenyewe kwa kawaida inakosa volti: weka multimita kati ya hasi ya amplifaya na hasi ya betri wakati wa kupiga, na ukisoma zaidi ya volti 0.5, rudi kwenye lile bati ulilokwangua.

Baada ya wiki mbili, kaza upya kila skrubu ya waya, kwa sababu nyuzi za shaba hujipanga na kulegea. Piga muziki kwa dakika 20, zima, na uguse viungio kimoja kimoja. Kishikio cha fyuzi kikiwa cha moto kuliko waya unaoingia ndani yake, kiungio ndicho kibovu. Kikaze au ukibadilishe, na usiweke fyuzi kubwa zaidi.